Mbolea Nyeupe Katika Tuta la Isogi

Barua ya dada yangu Zuhura ilinikuta Usumbura, nilikokuwa mtunza bustani kwenye shamba la kahawa. Amejifungua, damu imempungua, maziwa hayatoki vizuri, na isogi, mboga chungu wanayolishwa wazazi kule Gisenyi, imedumaa nyuma ya nyumba. Nikajiona daktari. Nikaomba mfuko wa mbolea nyeupe ya dukani, nikafunga safari.

Siku ya tatu, baada ya lori hadi Bukavu na meli ziwani, nilishuka Gisenyi. Mama Hadija, mkwewe Zuhura, alifungua mfuko akanusa.

"Hii iko chumvi?"

"Ni chakula cha mimea, mama."

"Bon, weka kidogo. Mi niko na mavi ya ng'ombe ya kule malishoni Mudende, inatosha."

Tukagawana tuta, nusu kwa nusu.

Wiki ya pili, mvua ilinipa heshima. Majani yangu yalikuwa mapana, yake membamba. Nilitamba mpaka Zuhura akasema, "Kaka, mtoto hanyonyi sifa." Mama Hadija alitafuna jani langu bichi, kama wanunuzi wa soko la Mahoko wanavyoonja.

"Iko kubwa. Lakini uchungu iko wapi? Ni maji tu."

Iliniuma. Kesho yake, jua likiwaka, nikatia mbolea konzi kwa konzi, nikavuka hadi upande wake pia, aone. Siku nne baadaye tuta zima lilikuwa limeungua. Ndani mtoto ananyonya, anaacha, analia. Nilitamani ardhi inimeze.

Mama Hadija hakunigombeza. Alijifunga kitenge akatoka. Jioni majirani walikuja kumhemba Zuhura, yaani kumtembelea mzazi kwa chakula: uji wa mtama, maziwa, na kila mmoja konzi ya isogi ya shambani kwake. Waliipika na maziwa kupunguza uchungu. Walilipita tuta langu bila kuuliza, na hilo liliniuma kuliko matusi.

Wiki mbili baadaye nilipanda meli kurudi. Mtoto alikuwa ananyonya hadi anasinzia. Mfuko wangu ulijaa samadi kavu ya Mudende, na abiria walinikalia mbali hadi Bukavu.

Mbolea ile haina kosa. Bado naitumia, kijiko kwa shina, udongo ukiwa na maji. Kosa lilikuwa langu: mtoto alitaka maziwa, mimi nilitaka kumshinda bibi yake.