Saa Tatu na Dakika Kumi

Dada yangu na mimi tulisoma chuo kimoja cha uuguzi. Yeye alimaliza, mimi niliishia mwaka wa pili. Mama anasema nilikiacha chuo. Walimu wanasema chuo kilipumua. Kwa hiyo haya nayajua nusu kwa kusoma, nusu kwa kumsikiliza dada akivua viatu jioni.

Ana miezi mitano kwenye wodi ya upasuaji ya wanawake. Pale kuna kitabu kikubwa chenye jalada jeusi, mezani karibu na sinki. Nesi akiona jambo analiandika na saa yake. Daktari akipita anasoma, anatia sahihi. Utaratibu mzuri, ila siku hizi umekuwa ukuta. Nesi mgeni akimwita daktari kwa mdomo, wakubwa wanamtazama kama aliyekalia kiti cha baba mkwe.

Siku moja alikuwepo fundi cherehani, mama wa makamo aliyepasuliwa tumbo jana yake. Mcheshi huyo. Alikuwa amemwambia dada, "Mwanangu, hilo gauni lako la kazi lilikatwa na adui. Nikitoka hapa nakushonea la maana." Asubuhi dada alipompima, moyo ulikuwa unapiga mia na ishirini kwa dakika, presha imeshuka, na mkojo kwenye mfuko haujaongezeka tangu alfajiri. Fundi hakutania. Alisema tu, "Nasikia kiu."

Hata mimi wa mwaka wa pili najua hapo huenda damu inavuja ndani.

Hatua chache kutoka kitandani alisimama daktari kijana, aliyehitimu juzi na bado yuko kwenye mafunzo ya kazi. Wodini wanamwita Pasi, kwa jinsi koti lake linavyonyooka. Wiki moja kabla ya hapo dada alimwita, akajibiwa mbele ya wagonjwa, "Nesi, kila kitu unaniita? Andika." Basi dada akaandika: saa tatu na dakika kumi, mwandiko safi, kila kipimo mahali pake. Kisha akaenda kufunga vidonda. Pasi naye alikuwa mbioni na mafaili ya daktari bingwa, ambaye anamtisha kuliko ugonjwa wowote.

Kitabu Pasi alikifungua saa sita na nusu. Fundi alirudishwa chumba cha upasuaji akiwa hajitambui. Saa tisa alifariki.

Kikao kikaitishwa. Sista mkuu wa wodi akamvuta dada pembeni. "Wewe huna kesi, mwanangu. Kitabu kinakulinda. Jibu unachoulizwa, basi."

Nyumbani mama akasema vilevile. Mimi nikaongeza kwamba hatimaye mwandiko mzuri umemfaa mtu. Dada hakucheka.

"Nilijua Pasi hakisomi kitabu kabla ya saa sita," alisema. "Niliandika ili nisilaumiwe."

"Hayo usiyaseme kikaoni," mama akamwambia. "Huyo daktari si ndugu yako. Abebe msalaba wake."

Kikaoni bingwa alikiweka kitabu mezani, akagonga kidole kwenye ile saa. Pasi, koti limekunjamana kama kitambaa cha deki, alijibu kwamba hakujua. Bingwa akaanza kuzungumzia kumwondoa kwenye mafunzo. Dada akainua mkono.

"Alikuwa karibu yangu. Ningeweza kumwambia, sikumwambia."

"Kwa nini?"

"Aliniaibisha siku moja. Niliogopa atarudia."

"Kwa hiyo mgonjwa alikuwa anasubiri woga wako uishe?"

"Ndiyo, daktari."

Walitoka na barua za onyo, kila mmoja yake. Pasi alibaki kazini. Dada aliongezewa miezi sita ya majaribio ya kazi, na mama hakumsemesha siku mbili, ambayo kwa mama ni rekodi.

Pasi alimfuata dada kwenye korido. "Hukulazimika kusema vile."

"Najua."

"Lakini hiyo siku niliyokuaibisha. Ilikuwa lini?"

"Hukumbuki?"

Alisimama akifikiri, uso umemkunjika, mpaka dada akaanza kumhurumia.

"Hapana," akasema. "Kweli tena, sikumbuki."

Dada ananiambia alikuwa amejiandaa kwa kila jibu isipokuwa hilo. Akamwacha pale, akaingia wodini. Walikuwepo wagonjwa kumi na wanne wa kupimwa, na manesi wawili.