Goti la Mwanafunzi Wangu

Namshukuru Mwenyezi Mungu kwa mikono hii, ingawa siku hizi naiogopa. Baba yangu alinifundisha kukanda viungo kabla sijahitimu msahafu, na kwa miaka arobaini wachezaji wa kijiji chetu cha Wawi wamekuja barazani kwangu wakichechemea, wakaondoka wakitembea.

Yalipoletwa mafunzo ya matabibu wa wanamichezo, niliitwa kuyafungua kwa dua. Nikamaliza dua, nikabakia. Wanafunzi walikuwa tisa, mmoja wao binti yangu wa mwisho. Mkufunzi, mama mmoja kutoka Unguja, aliwafundisha kupasha misuli moto kabla ya mchezo, kufunga bandeji, na kuweka barafu kwenye jeraha jipya. Barafu ilitoka kwa wauza samaki, na chumba kizima kikanuka shombo. Akaniambia kwa adabu kwamba jeraha jipya halikandwi wala halitiwi moto. Maumivu ni mlinzi wa kiungo, yasifukuzwe. Niliyaandika daftarini kwa herufi za Kiarabu. Niliyaamini.

Wiki moja baadaye mshambuliaji wa timu yetu, kijana niliyemsomesha Kurani chuoni kwangu, alijipinda goti mazoezini. Ijumaa tulikuwa tucheze na Micheweni, na watu wa klabu moja ya Unguja walikuwa waje kumtazama yeye. Binti yangu alimfunga goti, akamwekea barafu, akasema asicheze mpaka apimwe.

Alhamisi baada ya Alasiri baba wa kijana alikuja naye.

"Shehe, bintiyo kamfunga goti kama mzigo wa kuni."

"Kasema asicheze," nikamwambia.

"Kasema. Lakini yeye kasoma wiki mbili. Wewe je?"

Kwetu aliyeleta mguu wake kwa mkandaji harudishwi, kama vile salamu haikosi kujibiwa. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Ukweli ni kwamba lile swali lilinipendeza. Nikaagiza mafuta ya karafuu yapashwe moto. Binti yangu aliyaleta mwenyewe, akayaweka chini mbele yangu.

"Baba, si uliandika?"

Nilichovya vidole mafutani. Nilikanda mpaka karibu na Magharibi. Kijana akasimama, akaruka mara mbili, akacheka: haliumi.

Kesho yake, kipindi cha kwanza alicheza kama ambavyo hatukuwahi kumwona akicheza, akafunga mabao mawili. Cha pili aligeuka na mpira, hakuna aliyemgusa, akaanguka. Binti yangu alifika wa kwanza na kasha lake la barafu. Hakugeuka kunitazama.

Hospitali walisema kano ya ndani imekatika. Upasuaji wake haufanywi hapa kisiwani. Aliandikiwa karatasi ya kwenda Bara, na karatasi hiyo mpaka leo imekunjwa ndani ya msahafu wa mama yake. Wale wa Unguja hawakurudi. Baba yake bado ananiletea muhogo, ananiambia ni kadari. Kadari nimeisomesha maisha yangu yote, naiamini, na siwezi kuificha mikono yangu nyuma yake.

Ningedhani watu wangejifunza. Wanachokumbuka ni kipindi cha kwanza. Timu za mbali sasa zinamuulizia yule mzee aliyemsimamisha kiwete akafunga mabao mawili. Nikiwaelekeza kwa binti yangu wanacheka, wananiona mnyenyekevu, kisha wanakwenda kwa mkandaji wa kijiji cha pili. Mkoba wa bandeji wa binti yangu umetundikwa msumarini. Kasha la barafu anatilia malai, zile barafu tamu, anawauzia watoto wa skuli.

Kijana huja kila Ijumaa baada ya sala, akiukokota mguu, mkono ukutani. Sasa anachaji simu za watu kibandani. Hukaa, hunyoosha mguu.

"Likande tu, Mwalimu."

Naomba subira, na Mola hunipa kiasi. Nalikanda. Goti halitarudi kama lilivyokuwa, na yeye anajua, na kila mara, kwa mazoea ya adabu niliyomfundisha mwenyewe, hunishukuru.