Nyumba ya Upande wa Kulia

Mashine za kuchimbia misingi watu huziita vijiko, na yeye, kwa kuwa alizeekea kwenye kiti cha mashine hizo, akaitwa Kijiko. Hata mkewe alimwita hivyo akiwa amefurahi. Akikasirika alimwita "baba watoto", na hapo Kijiko alijua hakuna mazungumzo.

Hakuwa mchimbaji wa popote tu. Kampuni yake ilichukua viwanja ambavyo wengine walivikimbia: upenyo kati ya ghorofa mbili, ua ulio nyuma ya maduka ambao njia yake ni korido, shimo la kuchimbwa chini ya jengo ambalo watu bado wanaishi ndani yake. Mashine yao ilikuwa ndogo, inayotembea kwa minyororo ya mpira badala ya magurudumu. Ikipita kwenye korido, nafasi inayobaki kila upande ilikuwa upana wa kiganja. Lori halikuweza kuingia, kwa hiyo udongo ulitolewa kwa toroli hadi barabarani. Kijiko alisifika kwa wepesi wa mkono. Wenzake walisema angeweza kukoroga chai kwa ndoo ile ya chuma na kikombe kisijue.

Lakini aliyekaa kwenye mashine haoni yote. Mkono mkubwa wa chuma husimama mbele yake, upande wa kulia, na kilicho nyuma ya mkono huo kwake ni giza. Upande huo anamtegemea mtu aliyesimama chini na kumwongoza kwa ishara. Kiganja kikitazama chini, shusha. Vidole viwili vikichezacheza, polepole. Ngumi, simama, usipumue. Kwa Kijiko, mtu huyo alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye kila mtu alimwita Rula.

Rula alikuwa na tepu ya kupimia kiunoni siku za kazi na siku za mapumziko. Inasemekana alipokwenda kuposa, alipima mlango wa wakwe akawaambia umepinda. Wakampa mke hivyo hivyo. Mke huyo alikwisha kufariki, watoto walikuwa mbali, na Rula aliishi peke yake mtaa wa pili kutoka kwa dada yake, akija kula chakula cha jioni karibu kila siku. Miaka kumi na saba yeye na Kijiko walifanya kazi pamoja bila kupasua hata bomba la maji. Waligombana sana, hasa kuhusu mpira, lakini ngumi ya Rula ikinyanyuka, Kijiko alisimama kabla hajajua kuwa ameiona.

Kijiko ndiye aliyekuwa wa kwanza kugundua. Walikuwa mezani nyumbani, na dada mtu akamwekea kaka yake glasi ya maji upande wa kushoto. Rula akaipiga na kiwiko, ikaanguka. Hilo ni la kawaida. Lakini wiki ile ile alijigonga bega kwenye fremu ya mlango aliokuwa ameupita miaka yote, na Kijiko akaanza kumwangalia. Akaona kwamba Rula hageuzi macho tena, anageuza kichwa kizima, kama kuku anayetafuta punje. Kazini aliwahi kumwashiria Kijiko aendelee kushusha huku kona ya ndoo ikiwa vidole viwili kutoka kwenye bomba. Bahati nzuri bomba lilikuwa upande wa kushoto, Kijiko akaliona mwenyewe, akasimama. Rula akapaza sauti, "Unasubiri nini? Umelala?"

Jioni hiyo, Rula alipokwisha kuondoka, Kijiko akamwambia mkewe, "Kaka yako haoni pembeni."

Mkewe alikuwa anafuta meza. Aliendelea kuifuta mahali pale pale. "Najua," akasema. "Siku nyingi. Anapapasa ngazi kwa mguu."

"Inabidi niseme kazini."

"Ukisema wanamtoa."

"Ndiyo, wanamtoa."

"Na akitolewa, atakaa na nani kwenye kile chumba? Na kuta?" Akaacha kufuta. "Wewe una macho mawili mazima. Mwazime. Ni mtu mmoja tu huyo, ni kaka yangu mmoja. Mwangalizie."

Kijiko akakubali. Hakuna aliyemlazimisha, na baadaye hakuwahi kusema alilazimishwa. Kwa miezi minne alifanya kazi ya watu wawili. Aliangalia ishara za shemeji yake, kisha akaangalia tena mwenyewe, akichungulia huku na kule kwenye kiti mpaka shingo ikamuuma. Alijifunza kukaa vibaya. Mara kadhaa alikaribia kumwambia, "Shemeji, twende ukapimwe macho," lakini maneno yaligeuka njiani yakatoka kama utani, na Rula akajibu kwa utani.

Kisha wakapewa kiwanja kilichopakana na nyumba ya mshonaji.

Kilikuwa kiwanja chembamba, hatua tisa kwa upana. Kushoto ghorofa nne, kulia nyumba ya zamani ya chini. Mbele ya nyumba hiyo mama mmoja alikuwa na duka la ushonaji, na nyuma, kwenye chumba kilichopakana na kiwanja, alilala baba yake, mzee asiyeinuka kitandani. Walipochimba kishimo cha majaribio kando ya ukuta, waliona msingi wa nyumba ile ni mawe tu yaliyopangwa juu ya udongo, hayafiki hata goti. Kazi kama hiyo huenda kidogo kidogo. Unachimba kipande, unakiegemeza kwa mbao na nguzo, unamwaga zege, unaruka, unakwenda kipande cha mbali. Na karibu na mawe yenyewe unashuka kwenye mashine, unachukua sepetu.

Kijiko alimfuata msimamizi. "Tuigeuze mashine iingilie kutoka nyuma," akamwambia. "Nyumba ije kushotoni kwangu."

Msimamizi, mtu wa haraka ila si mbaya, akamtazama. "Kutoka nyuma tutavunja uzio wa watu. Kwani kulia una tatizo gani? Si una Rula?"

Kijiko alikuwa na jibu mdomoni. Akalimeza. "Hapana tatizo," akasema.

Siku sita zilikwenda salama. Mshonaji alizoea kutoka na tepu yake shingoni, akisimama kwenye kona ya ukuta, na Rula alimtania kwamba wamesomea shule moja. Alimwambia, "Mimi napima ardhi, wewe unapima watu. Wako wanalalamika zaidi." Mama yule alicheka. Aliwauliza kama amhamishe baba yake chumba cha mbele, Rula akamwambia hakuna haja, ukuta uko salama, yeye mwenyewe ndiye anayeulinda.

Siku ya saba ilikuwa baada ya mvua ya siku mbili. Saa nne asubuhi hivi, Kijiko alikuwa anamalizia kipande cha karibu na ukuta. Mkono wa mashine ulikuwa umeziba kila kitu kulia. Alijinyoosha achungulie, hakuona. Akamtazama Rula. Kiganja cha Rula kilikuwa wazi, kimetazama chini. Shusha.

Akashusha. Akavuta. Akahisi kwenye leva kitu kigumu kisicho udongo, akaachia hapo hapo, lakini jino la ndoo lilikuwa limekwisha kuling'oa jiwe refu la msingi. Kwa muda mfupi hakuna kilichotokea. Kisha ukuta ukatuna katikati kama tumbo, ukainamia chumbani, ukaporomoka.

Kijiko hakukumbuka jinsi alivyotoka kwenye mashine. Alikumbuka vumbi, na mshonaji akiita "Baba! Baba!" kwa sauti ya mtoto. Waliondoa matofali kwa mikono. Kabati la nguo lilikuwa limeangukia kitanda na kuzuia boriti, na chini yake mzee alikuwa hai, mweupe kwa lipu kama mtu aliyepakwa unga, akiuliza nani ameacha mlango wazi.

Alikuwa amevunjika nyonga. Wakampeleka hospitali.

Mchana, msimamizi aliwaita wote wawili kwenye kontena lililokuwa ofisi. Hakuwakaribisha kukaa. "Nani alikosea?"

Rula akatangulia. Mikono yake ilikuwa bado na damu ya kucha. "Nilinyanyua ngumi. Nilimsimamisha. Hakuniona."

Kijiko alimgeukia. Hata leo hajui kama shemeji yake alidanganya au aliamini. Huenda alinyanyua ngumi baadaye, jiwe likiwa limeshang'oka. "Mkono wako ulikuwa wazi, shemeji," akasema.

"Ngumi."

"Ulikuwa wazi." Kisha akamwambia msimamizi, huku akiangalia sakafu, "Haoni pembeni. Kazi hii haiwezi tena."

"Tangu lini?"

"Mimi najua tangu miezi minne iliyopita."

Nje toroli lilikuwa linapita. Rula hakubisha kuhusu macho. Alichouliza ni hiki tu: "Ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Kwa hiyo ishara zangu zote hizo ulikuwa unanifurahisha tu. Kama mtoto." Akafungua tepu kiunoni, akaiweka juu ya meza ya msimamizi taratibu kana kwamba ni yai, akatoka. Bega lake liligonga fremu ya mlango.

Walifukuzwa wote wawili, Rula kwa kuficha na Kijiko kwa kumfichia.

Dada mtu ndiye aliyempeleka kaka yake kwa daktari wa macho. Ilikuwa presha ya macho, ule ugonjwa unaokula kuona kutoka pembeni kuja katikati bila maumivu. Jicho la kushoto lilikuwa karibu limekwisha. Daktari aliwaambia kilichopotea hakirudi, ila matone yangeweza kulinda kilichobaki. Akaongeza, bila ubaya, kwamba wangekuja miezi minne au mitano mapema kingebaki kingi. Mkewe Kijiko alirudi nyumbani akamweleza mumewe neno kwa neno, amesimama na mkoba mkononi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa aliyeficha alikuwa mtu mwingine, na maradhi hayakuwa yake.

"Mimi ndiye niliyekuambia unyamaze," akasema.

"Na mimi ndiye niliyenyamaza," Kijiko akajibu.

Hawakulizungumza tena. Lililala nao, likaamka nao.

Kijiko alikuwa akienda hospitali kumtazama yule mzee, akikaa dakika chache kwenye ukingo wa kitanda. Mara ya tano mshonaji alimtoa hadi kwenye korido. "Usije tena," akamwambia. Hakufoka. "Si kwamba nakuchukia. Kila ukiondoka baba ananiuliza wewe ni nani, na mimi sijui nimwambieje."

Wiki ya tatu mzee akafa. Kifua, walisema madaktari, na umri. Watu walimfariji Kijiko kwamba mzee yule angekufa tu, alikuwa mtu wa kesho keshokutwa. Kijiko alisema asante. Hakuna aliyeweza kumwambia kwa hakika kwamba ni ukuta, na hakuna aliyeweza kumwambia kwamba si ukuta, na yeye alijikuta akiomba angalau lijulikane moja.

Sasa anachimba mitaro ya maji pembezoni mwa mji, kwenye uwanda mtupu, kwa mashine kubwa ya watu wengine. Hakuna ukuta karibu, wala mwongozaji. Mkewe huenda kwa kaka yake asubuhi na jioni kumtia matone, kwa sababu Rula mwenyewe huyamwagia shavuni. Jioni Kijiko humsindikiza. Haingii. Tangu siku ile kwenye kontena Rula hajamsemesha, na Kijiko hajui aanzie wapi, kwa hiyo husimama kizingitini, mikono mfukoni, akisikiliza ndugu wawili wakibishana ni tone la ngapi.

Juzi Rula alilaza kichwa nyuma kwenye kiti, dada yake akiwa amemfungua kope kwa kidole.

"Umekuja naye?" akauliza.

"Yupo mlangoni."

Tone likaingia, Rula akapepesa.

"Mwambie asogee," akasema. "Ananizibia mwanga."

Kijiko alisogea. Akaenda kukaa nje, chini ya dirisha, akamsubiri mkewe amalize.