Ndege ya Gitobu Iliyogawanywa Laare

Pale Githongo ukiuliza mtu wa kompyuta utaelekezwa kwa Gitobu, na ukifika usishangae akikuhudumia huku mawazo yake yako mbali. Mikono yake hupiga chapa barua za kuomba kazi, hutoa nakala za vitambulisho na huzungushia maua picha za marehemu kwenye programu za mazishi. Roho yake, kwa miaka mitatu mizima, ilikuwa ndani ya ndege moja ya kivita, ndege ya kupigana huko juu kwenye nyota, ambayo haijawahi kuwepo na ambayo hakuna binadamu aliyemwagiza aitengeneze.

Aliiita Nyuki. Aliichonga ndani ya kompyuta kipande kwa kipande, kwa ile programu inayokuwezesha kukizungusha kitu ukakiona mbele, nyuma na chini ya tumbo. Mtu mwingine angechora mabawa mawili na bunduki nne, akapaka rangi ya fedha, akaenda zake kunywa chai. Gitobu hakuwa mtu mwingine. Bawa la kulia peke yake lilikuwa na nati mia sita na kumi, na kila nati ilikuwa na mkwaruzo wake, kwa sababu nati isiyowahi kukutana na spana, alisema, ni uongo. Kiti cha rubani kilikuwa kimechakaa pale mgongo unapoegemea. Nyuma ya kiti palikuwa na mahali pa chupa ya chai, kwani nyota ziko mbali na mtu hawezi kwenda huko koo likiwa kavu.

Tangi la mafuta ndilo lililomshinda. Halikukaa kama chuma, lilikaa kama sufuria. Basi siku moja alifunga duka, akachukua tepu ya kupimia, akaenda kiwanda cha kahawa kuangalia jinsi mashine ya kumenya ilivyoungwa. Hapo alimkuta Kajuju, karani wa mizani, msichana wa Laare aliyeajiriwa upande huu wa Imenti. Kajuju alikuwa na sifa moja iliyojulikana hadi kwa watoto: mizani yake haikujua jamaa. Aliwahi kumrudishia mwenye nyumba wake debe zima kwa sababu chini lilikuwa na kahawa ya kijani, na jioni akarudi kulala katika nyumba hiyohiyo.

"Unapima ya nini?" Kajuju aliuliza.

"Ya ndege."

"Ndege gani?"

"Ya kupigana kwenye nyota."

Kajuju akashika ncha ya pili ya tepu. Walipima tangi, mabomba na nati moja moja mpaka wakulima waliokuwa kwenye foleni wakaanza kunung'unika. Gitobu alirudi dukani amependa kabisa, na tangi la Nyuki likakaa kama chuma.

Mwaka mmoja na nusu baadaye walikubaliana kuoana, na hapo ndipo mama yake Gitobu alipoharibu mambo. Mama Gladys ni mkweli, kiongozi wa akina mama kanisani, lakini ni mama. Walipokwenda Laare kujitambulisha, babake Kajuju, Mzee Kaburu, ambaye miti yake ya miraa ilipandwa na babu wa babu yake, aliuliza kwa upole kijana ana nini. Mama Gladys akafikiria kahawa yao ya robo ekari. Akamfikiria ng'ombe wao mwenye chuchu moja iliyoziba. Kisha akainua kichwa na kusema, "Ana ndege."

Hakudanganya. Aliiona kwa macho yake, ikizunguka.

Siku ya mahari ilipofika, waliingia Laare mchana na kila kitu kinachotakiwa. Walitanguliza ncoolo, kile kitita cha miraa ya heshima kilichofungwa kwa majani ya mgomba, ambacho baba wa msichana akikipokea mazungumzo yanaendelea na akikikataa mnapanda gari mnarudi kwenu. Kikapokelewa. Wakaleta mtamba, fahali, kondoo jike, kondoo dume na asali. Vikapokelewa. Kobia, baba mdogo wa Gitobu na msemaji wao, alikuwa amekwisha kujifuta jasho la ushindi wakati mjomba wa Kajuju alipokohoa.

Mjomba huyo ni Mzee Mutwiri, ndugu ya mamake Kajuju, mwalimu mkuu mstaafu. Kila Mmeru anajua kwamba mjomba asiporidhika, ndoa hiyo itaanza kuchechemea kabla ya kutembea.

"Na ndege?" alisema Mzee Mutwiri.

Gitobu akatoa kompyuta kwenye mkoba, akaiweka mezani kando ya asali. Nyuki akatokea, akielea katika giza. Wazee wakasogeza viti. Mzee Kaburu akavaa miwani.

"Geuza," alisema. Gitobu akageuza. "Tuone tumbo." Gitobu akaonyesha tumbo. "Hii meno ni ya nini?"

"Ni bunduki, mzee."

"Inapigana na nani?"

"Na maadui, mzee. Wa nyota ile nyingine."

"Walikukosea nini?"

Katika miaka mitatu ya kukwaruza nati, swali hilo halikuwahi kumjia Gitobu. "Bado sijaamua," alisema, na wazee wakatazamana.

"Wacha hayo," alisema Mzee Kaburu. "Kutoka hapa mpaka Nairobi ni muda gani?"

"Kama sekunde nne hivi."

Vikombe vilisimama njiani kuelekea midomoni. Anayeuza miraa anajua kwamba adui yake si nzige wala ukame, ni saa. Ikichumwa asubuhi na ikachelewa barabarani, jioni unauza kuni. Macho ya Mzee Kaburu yakalegea.

"Sekunde nne," alisema polepole. "Na inabeba magunia mangapi?"

"Haibebi, mzee. Inabeba rubani mmoja na chupa ya chai."

Masikitiko yaliyopita chumbani hapo yalikuwa ya kweli kabisa. Kobia akaona heri aseme ukweli mapema. "Wazee wangu, tusipotoshane. Hii ndege haiko. Ni mchoro tu."

"Tunajua ni mchoro, Kobia, sisi si wajinga," alisema Mzee Mutwiri. "Hata hati ya shamba ni karatasi, na watu wamekatana mapanga kwa hiyo karatasi. Ukiona vyaelea vimeundwa. Kijana, umeiunda miaka mingapi?"

"Mitatu, mzee."

"Sasa sikiliza. Huyu kondoo mlimnunua Kangeta juzi, bado ana rangi ya muuzaji mgongoni. Huyo fahali nilimwona akishuka kwa pikapu, na wewe mwenyewe ukajificha nyuma ya mama yako. Hizo ni mali za soko, na tumeshukuru. Lakini sisi tunatoa mtoto tuliyemlea. Wewe pia toa kitu ulicholea."

Mama Gladys akatazama sakafu, maana ulimi ulioponza kichwa ulikuwa wake. Kobia, ambaye hakuzaliwa jana, alijaribu kupunguza: ndege nzima ni nyingi mno, kwa nini isigawanywe kama nyama, kila mwenye haki apate haki yake, na ya kijana ibaki? Wazee wakaona hayo ni maneno ya mtu mzima. Pikipiki ikatumwa madukani, ikarudi na flashi za kompyuta tano, moja ya rangi ya waridi.

Ugawaji ulichukua saa mbili, na ulifanywa kwa adabu kuliko ule wa fahali. Injini zote mbili zilimwendea baba wa msichana, kwa sababu ya zile sekunde nne. Tumbo, na tangi lake ndani, pamoja na mbavu vilikwenda kwa akina mama, kama desturi, nao wakaomba na chupa ya chai ihesabiwe huko. Mabawa yalipewa baba wadogo wawili wa Kajuju, wakabishana kidogo la kulia ni la nani. Kiti cha rubani na kioo chake vilimwangukia mjomba. Bunduki zikakataliwa. Nyumba ya Kikristo, alisema Mzee Kaburu, haiwezi kupokea silaha kwa ajili ya binti, kwa hiyo bwana harusi arudi nazo kwao.

Gitobu alianza na injini. Akanakili kwenye flashi, akaikabidhi kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. Mzee Kaburu aliipokea, akaitia kwenye mfuko wa shati na kuufunga kifungo.

"Ngoja," alisema Mzee Mutwiri. "Hiyo injini bado naiona hapo kwa kompyuta."

"Ndiyo, mzee. Hiyo ni yangu. Nimempa mzee nakala."

"Ukinipa paja la kondoo, halafu wewe ubaki na paja lilelile, umenipa nini?"

Gitobu akaweka kidole juu ya kitufe cha kufuta. Alitazama upande wa mlango, ambako Kajuju alikuwa amesimama na birika. Gitobu akafuta injini. Nyuki akabaki na mashimo mawili nyuma.

"Na kwa pipa?" aliuliza Mzee Mutwiri.

"Pipa?"

"Mimi nimekuwa mwalimu mkuu miaka kumi na tisa. Ukifuta, inaingia kwa pipa la takataka. Mwaga pipa."

Gitobu akamwaga pipa. Akatoa bawa, akafuta, akamwaga. Akatoa bawa la pili, tumbo, mbavu, chupa ya chai. Kila pipa lilipomwagwa, wazee waliitikia kwa kichwa kama watu wanaosikia mbegu ikigonga udongo. Mwisho kikatoka kiti, na zikabaki bunduki nne zikielea peke yake, zikiwa zimeelekezwa kwa Mzee Mutwiri.

Machozi yalimtoka Gitobu mbele ya wakwe, na wakwe walipendezwa nayo sana. Lakini tuseme ukweli, machozi hayo yalikuwa nusu. Nusu nyingine ilikuwa salama Githongo, dukani kwake, katika mkebe wa majani ya chai, ambamo alikuwa ameficha diski yenye Nyuki mzima, na nati zake zote na mikwaruzo yake yote. Mara ya tatu kumwaga pipa alikuwa ameikumbuka, na tangu hapo alimwaga kwa ukarimu wa ajabu. Mzee Mutwiri akamwekea mkono kichwani. "Sasa umetoa," alisema. Wakaomba, wakala, Mama Gladys akaimba.

Jumatatu saa saba mchana Kajuju aliingia dukani, bado na koti la kazi lenye maganda ya kahawa. Gitobu alikuwa peke yake, akipiga mluzi. Kajuju alikaa kwenye kiti cha wateja.

"Jana mjomba alipiga simu," alisema. "Amevaa ile flashi shingoni hadi kanisani. Ameambia watu mkwe wake alilia."

"Mjomba ni mtu mzuri."

"Gitobu. Ile ingine iko wapi?"

Mluzi ukakatika. Angeweza kuuliza ingine gani, lakini alikuwa ameona madebe mangapi yakirudishwa na msichana huyu? Akainuka, akatoa mkebe, akauweka mezani.

"Hawatajua, Kaju. Hakuna mtu ataumia."

"Mimi nitajua." Hakupaza sauti. "Baba alitoa mtoto mzima. Hakubaki na mwingine kama mimi kwa mkebe. Sikulazimishi, hii kitu ni yako na naijua uzito wake, mimi ndiye nilishika tepu. Kama unataka kuiweka, weka, nitakupenda tu hivyo. Lakini usiniambie nimetolewa mahari, kwa sababu sijatolewa."

Gitobu alichomeka diski. Nyuki akaelea mbele yao, mzima, na Gitobu akamzungusha mara moja polepole: mbele, nyuma, chini ya tumbo. Alitaka kusema kwamba hii ndiyo kazi pekee maishani mwake ambayo haikuwa ya mtu mwingine, haikuwa ya marehemu wala ya mwombaji kazi. Alitaka kusema kwamba hata akianza upya mikwaruzo haitatoka vilevile. Akaona Kajuju anajua hayo yote, na bado anangoja. Akafuta. Mstari wa kijani ulitambaa kwenye kioo, ukafika mwisho, ukatoweka, naye akahisi kifua chake kimekuwa kitupu kama ghala mwezi wa nne.

"Pipa," alisema Kajuju.

Akamwaga pipa.

Ndipo Kajuju akapasuka kulia. Alilia kwa sauti, kichwa kwenye meza, alilia tangi na mabomba na zile nati walizopima pamoja, alilia kuliko Gitobu alivyolia Laare, tena bila nusu yoyote iliyofichwa. Gitobu alizunguka meza akamshika mabega, asijue kama anabembeleza au anabembelezwa. Walikaa hivyo mpaka saa nane ilipogonga, na Kajuju akakumbuka kwamba wakulima wanangoja kwenye mizani. Akajifuta uso kwa mkono wa koti.

"Sasa nimeolewa," alisema, akaenda kazini.