Mbuzi Niliyemhukumu Kunyongwa

Nilimhukumu mbuzi kunyongwa. Naanza na hilo kwa sababu huku kwetu kila mtu huanza nalo, hata mgeni aliyekuja tu kuuliza bei ya ndengu.

Ilikuwa Jumamosi, hapa nje ya Kiritiri, na mama alikuwa ameenda kuchota maji. Nilivaa joho lake la kwaya, jekundu lenye kola nyeupe, nikajibandika katani kichwani iwe wigi ya jaji, nikapanda juu ya pipa lililopinduliwa. Watoto wa jirani walikuwa karani, askari na umma. Mshtakiwa alikuwa beberu wa kahawia, shtaka lake kula soksi yangu ya shule. Nilimfungua kamba mguuni nikamvisha shingoni, nikairusha juu ya tawi la mti wa mkau, kisha nikasema kwa sauti ya puani: "Mahakama imekusikiliza kwa makini, nayo haina hiari. Utanyongwa mpaka ufe. Una la kusema?" Beberu akasema mee. Umma ukagaragara chini kwa kicheko.

Shida ni kwamba yule hakuwa mbuzi wa kawaida.

Mjomba wangu, ndugu wa mama, aliua mtu. Hilo sitalichezea. Alikuwa mpakiaji wa mchanga mtoni. Wakagombana na mwenzake juu ya nani wa kupakia lori lililofuata, kila mmoja na beleshi mkononi, na mjomba akampiga nalo kichwani. Yule mwenzake, kijana wa watu wa Karurumo, akafia njiani kupelekwa hospitali. Mjomba hakutoroka. Alikaa pale pale kwenye mchanga hadi polisi wakafika.

Mimi nilikuwa mdogo, meno ya mbele hayajaota, lakini mama amenisimulia hukumu yake mara nyingi mpaka ni kama nilikuwepo. Wakili aliyepewa na serikali alikutana na mjomba kwenye veranda ya mahakama asubuhi ile ile ya kesi, na ndani akamwita kwa jina la mtu mwingine. Jaji naye alivua miwani, akasema anaona mshtakiwa ni kijana, anaona amejuta, anaona hakupanga, lakini sheria ya mauaji ina adhabu moja tu, mikono yake imefungwa. Kifo.

Mikono imefungwa! Mtu mzima, amesomeshwa miaka yote hiyo, ana dereva, ana bendera kwenye gari, kila mtu anasimama akiingia, halafu anatuambia amefungwa mikono. Si basi wangeweka muhuri juu ya kile kiti. Muhuri hauhitaji dereva.

Na ujue hapa Kenya kamba yenyewe haijatumika tangu kabla sijazaliwa. Hawakunyongi, na hawakuachilii. Wanakuweka tu na kifo chako, kama mtu aliyepewa mbwa mkali amtunze. Tulipoenda kumpelekea sabuni gerezani, mjomba aliniuliza habari za mpira. Nikamuuliza huko ndani wanafanya nini. Akasema wanasikiliza viatu vya askari. Viatu vikisimama nje ya mlango, watu wazima wanaacha kutafuna.

Shuleni tumesoma Katiba. Kila mtu ana haki ya kuishi, imeandikwa wazi, mwalimu akaipigia mstari ubaoni. Ukishuka kidogo kwenye kifungu hicho hicho, unakuta hutanyimwa uhai isipokuwa kama sheria imeruhusu. Nikainua mkono. Nikasema mwalimu, hii si ni kama mama aniambie chakula ni chako kula ushibe, isipokuwa kama nimeamua usile? Darasa likacheka. Mwalimu akasema hilo haliji kwenye mtihani, nikae chini. Nikakaa. Lakini sikuwa nafanya mzaha, na hilo ndilo tatizo la kuwa mcheshi wa darasa: siku ukiwa na hasira watu wanakupigia makofi.

Halafu majaji wa Mahakama ya Juu, wale wa mwisho kabisa, walisema kumfunga jaji mikono namna ile ni kinyume cha Katiba. Aliyehukumiwa kwa mauaji asikilizwe upya kuhusu adhabu. Nyumbani tuliimba. Mjomba yeye hakuimba. Alisema mwenzake wa pale ndani alinyang'anya mtu simu akiwa na panga, hakumjeruhi hata ukucha, naye akahukumiwa kifo kama wengine. Huyo aliambiwa hukumu mpya haimhusu, ni ya walioua tu. Yaani angemuua mwenye simu, angesikilizwa. Mimi nikileta jibu kama hilo shuleni naambiwa nirudie darasa.

Afisa wa probesheni akaja kwetu, akamwambia mama kwamba jaji atataka kujua waliofiwa wanasemaje. Ndipo mama akatafuta yule beberu. Wazee wetu wana taratibu zao za mambo ya damu: mbuzi wa rangi moja, asiye na kovu, anafungwa mguu, kamwe si shingo, maana anaenda kuunganisha watu. Waliofiwa wanakuja kumtazama langoni. Wakiipokea kamba yake, mazungumzo yameanza. Wakiondoka bila kuigusa, hayapo.

Nilijua haya yote. Nilijua pia kwamba watakuja Jumamosi hiyo. Nilidhani wangechelewa, watu wa Karurumo wanatoka mbali.

Kicheko kilikatika upande mmoja wa umma, nikageuka. Baba wa marehemu alikuwa amesimama langoni na kofia mkononi. Mama alikuwa nyuma yake na mtungi mgongoni. Sijui walikuwa wamesimama hapo kwa muda gani.

Nikasema, "Guka," kama tunavyomwita babu, "tulikuwa tunacheza tu."

Hakunitazama hata. Alimgeukia mama. "Nilikuja kuona mbuzi," akasema. "Nimeona kamba." Akavaa kofia yake akaenda.

Mama hakunichapa. Afadhali angenichapa.

Tulienda Karurumo mara mbili kuomba radhi, na mara zote mbili tukaambiwa mzee hayupo, na mara zote mbili tukasikia kikohozi chake jikoni.

Siku ya mahakama kule Embu alikuja. Jaji wa safari hii alikuwa mwingine, mpole, sauti ya chini. Akamuuliza mzee ana la kusema. Mzee alisema kwa Kiembu na karani akatafsiri: "Sitaki anyongwe. Kumnyonga hakutanirudishia mtoto. Lakini nilienda kwao nikakuta kifo ni mchezo wa watoto. Siwezi kudanganya kwamba boma lile linajuta."

Nilisimama. Nilitaka kusema ni mimi, si boma, mjomba hata hakuwepo, yeye analia usingizini hadi wenzake wanamwamsha. Jaji akauliza kijana yule ni nani. Karani akasema hayumo kwenye kesi. Askari akanibonyeza bega nikakaa.

Sasa mikono ya jaji ilikuwa imefunguliwa. Tulikuwa tumeisubiri miaka yote hiyo ifunguliwe, na mama alikuja na shati safi kwenye mfuko, eti pengine jaji ataona miaka aliyokaa inatosha. Jaji akaandika, akaandika, kisha akasoma. Amezingatia ujana, majuto na maoni ya waliofiwa. Miaka thelathini tangu siku aliyokamatwa.

Labda angetoa hiyo hiyo hata kama beberu hangepanda kizimbani. Sitajua kamwe, na hilo ndilo linaloniunguza. Nilimchukia yule wa kwanza kwa kukataa kuamua. Huyu ameamua, na bado nataka kuvunja kitu. Ila safari hii kidole nikikinyoosha hakijui kisimame kwa nani.

Nje, mama alikaa kwenye ngazi na ule mfuko magotini. Nilimwambia pole. Alilitazama gari la magereza hadi likatoka langoni na kukunja kona. Kisha akasema hivi, nami sijaongeza wala kupunguza:

"Angalau sasa najua atazeeka. Sabuni utampelekea wewe. Mimi mlango ule umenichosha."