Mgeni Aliyekuja na Bunduki ya Burma

Jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, si jirani wala rafiki wa binamu. Ilikuwa mchana, sikuwa na homa, na sijawahi kuonja pombe tangu nizaliwe. Hilo la pombe likumbuke, kwa sababu ndilo lililoleta yote.

Mimi ni mnunuzi wa skrepa. Napita vijijini na baiskeli na mizani ya kuning'iniza, nanunua sufuria zilizotoboka, majembe yaliyolika, rimu zilizopinda. Naishi Bukiriro na wadogo zangu watatu, Adelina, Teofili na Rehema. Shule niliiacha darasa la sita, mwaka aliofariki mama, na baba naye akamfuata kabla mahindi hayajakauka. Baba alimalizwa na pombe, sifichi. Siku tuliyomzika, Adelina alikuwa na miaka tisa. Aliniuliza mbele ya watu wote kama na mimi nitakunywa. Nikamwambia siku atakayosikia nimeonja hata tone, awachukue wenzake waende kwa shangazi, asiniage. Aliitikia kwa kichwa kama mtu mzima aliyepokea mkataba. Tangu siku ile nyumba yetu imesimama juu ya neno hilo.

Sasa bunduki zinaingiaje hapa?

Kule Runazi, wilaya ya Biharamulo, yuko mwalimu mstaafu wa historia, Mwalimu Dionizi. Yeye anakusanya bunduki za Wajapani. Najua utauliza bunduki za Wajapani zimefikaje kwetu, maana hata mimi niliuliza. Wazee wetu waliokuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza, walipelekwa Burma kupigana na Wajapani, na wachache walirudi na vitu ndani ya blanketi. Mwalimu alikuwa na bunduki mbili za namna hiyo, mitutu imezibwa, polisi wanajua, karatasi zote zipo. Siku ya kwanza nilipompelekea helmeti iliyotoboka, alinikalisha akanionyesha jambo ambalo hakuna aliyewahi kunifundisha.

Juu ya chuma, pale risasi inapoingia, Wajapani walichonga ua la petali kumi na sita, alama ya mfalme wao. Vita vilipokwisha, kwa wale waliosalimisha silaha, ua lilifutwa kwa tupa kwanza. Kwa hiyo bunduki yenye ua lililofutwa ni ya mtu aliyeiweka chini. Yenye ua zima ilichukuliwa vitani, mwenyewe hakuisalimisha. Za Mwalimu zote mbili zilikuwa zimefutwa. Alitamani kuona ua zima kabla macho yake hayajamwacha. Kusema kweli nilianza kumtafutia kwa sababu ya biashara, lakini baada ya siku ile nilitafuta kwa sababu nilitaka kujua. Mtu aliyeishia darasa la sita akipata cha kujua hakiachi.

Nilitafuta karibu miaka miwili. Kisha Bibi Stefania wa Murusagamba akaniita.

Bibi Stefania ni mjane aliyeolewa katika nyumba ya mzee mmoja wa Burma. Mzee alikuwa mkwewe. Sasa Bibi alikuwa anahamia kwa binti yake, nyumba imeanza kuanguka, na watoto wake ni watu wa kanisa wasiotaka kusikia habari za zamani. Baada ya shikamoo na marahaba, alinitolea kifurushi cha ngozi ya ng'ombe. Ndani yake kulikuwa na bunduki ndefu, mti wake mweusi kwa moshi, komeo lake la kufungia risasi halipo. Nilifuta kutu kwa kidole. Ua lilikuwepo. Nilihesabu petali, Bibi akahesabu pamoja nami, na wote wawili tukafika kumi na sita.

Ndipo akanieleza. Mkwewe aliporudi kutoka vitani alisema hakurudi peke yake. Mwenye bunduki alikuwa amekuja naye, na kwa kuwa alikuwa mbali na kwao, alipaswa kutunzwa kama mgeni. Kila walipoivisha ndizi za pombe, rubisi ya kwanza iliwekwa kando ya bunduki na mirija miwili, mmoja wa mwenyeji, mmoja wa mgeni. Mwenyeji anaonja kwanza. Kwetu hakuna anayempa mtu kinywaji bila kukionja mbele yake, asije akadhani kina sumu. Mzee alionja mpaka kufa kwake, mumewe Bibi akaonja, kisha Bibi mwenyewe.

"Mimi naondoka," aliniambia, "na mgeni habaki katika nyumba isiyo na mwenyeji. Onja naye, umchukue kwa heshima."

Akanisogezea kibuyu. Mirija miwili ilikuwa tayari ndani.

Nilikisukuma kwa kiganja. Sikusema hata samahani, nilisema tu sinywi. Nilikuwa na haraka, mvua inakuja, na moyoni nilikuwa nimekwisha kufika Runazi na kumwona Mwalimu akivaa miwani yake. Bibi hakunilazimisha. Alipiga ulimi, akasema kwa Kihangaza, "Ee mwana wanje, ndivyo tulivyo." Ni msemo wake huo, mwanangu, ndivyo tulivyo, alikuwa akifunga nao kila habari. Nikafunga ngozi kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, nikaingiza mfukoni barua ya polisi aliyonitafutia Mwalimu, nikaondoka.

Njia ya Murusagamba unaijua kama umepita: udongo mwekundu, mawe, mlima baada ya mlima. Saa kumi hivi ukungu ukashuka na manyunyu juu yake. Nilikuwa nasukuma baiskeli mlimani, nikaona inazidi kuwa nzito. Nikatazama tairi, lina upepo. Nikatazama breki, hazijashika. Niamini, nimebeba kilo themanini za chuma kwenye baiskeli ile na haikuwahi kunielemea hivyo. Ilikuwa kama mtu amekaa nyuma.

Niligeuka. Mtu alikuwa amekaa nyuma.

Alikuwa mtu mfupi, mwembamba, amekaa upande kama wanawake wanavyokaa kwenye baiskeli, miguu imefungwa vitambaa kutoka kifundo hadi gotini. Alishuka taratibu, kama abiria anayeona aibu kumchosha mwenye chombo, akaanza kutembea kando yangu. Unafikiri nilikimbia? Ningekimbilia wapi na baiskeli mlimani? Isitoshe, na hili nalisema kwa kuona haya, kabla ya hofu haijanifikia nilikuwa nimekwisha kutazama vile vitambaa na kujiuliza vinafungwaje visifunguke.

Manyunyu yalikuwa yakimpiga lakini hakuwa na unyevu. Alinisalimia kwa Kihangaza. Akaniuliza maharage yetu yamekwendaje mwaka huu, na kama ugonjwa wa mnyauko umefika kwenye migomba ya Bukiriro. Nilimjibu, maana mtu akiulizwa habari za migomba anajibu. Kilichonisimamisha nywele ni usemaji wake. Alikuwa anavuta maneno kama bibi kizee wa Murusagamba, na kila akimaliza alipiga ulimi na kusema, "Ndivyo tulivyo."

Hapo nikaelewa aliishi wapi miaka yote hiyo, na alijifunza lugha kwa nani.

Nikamuuliza anakwenda wapi.

"Kwenu," alisema. "Sijaagwa. Asiyeagwa anafuata mzigo wake."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayekueleza kwamba basi limejaa. Akaniuliza nyumbani kuna watu wangapi, na kama Rehema bado anaota ndoto za kupiga kelele. Jina la mdogo wangu wa mwisho sikuwa nimemtajia. Nikaona nyumba yetu ya vyumba viwili, watoto wamelala, na huyu amekaa kwenye kona akisubiri ndizi ziive, mwaka huu, mwaka ujao, hata nitakapokufa. Nikaona pia njia nyingine. Kurudi kwa Bibi, kuinama kwenye kile kibuyu, kisha kufika nyumbani na harufu ya pombe mdomoni mbele ya Adelina, ambaye sijawahi kumdanganya. Kipi ungechagua wewe? Nilisimama katikati ya barabara, nimeshika usukani kwa mikono miwili, sikuweza kwenda mbele wala nyuma.

Mwisho nikasema ukweli, maana sikuwa na kingine. Nikamwambia sinywi pombe, nimewaahidi wadogo zangu siku tuliyomzika baba, na ahadi hiyo siivunji kwa mtu aliye hai wala aliyekufa. Halafu nikauliza swali ambalo hata sijui lilitoka wapi. Nikamuuliza yeye mwenyewe anapenda kunywa nini.

Kisha akacheka, kicheko cha puani kama cha Bibi Stefania.

"Mzee alinionjea rubisi, akanipa. Mwanawe akanionjea, akanipa. Ningekataaje, na mimi ni mgeni? Ni chungu mno ile. Leo ndiyo mara ya kwanza naulizwa." Akapangusa midomo kwa kiganja. "Nilikufa nikitaka maji."

Kwenye usukani nilikuwa nimening'iniza chupa ya plastiki. Adelina hunichemshia maji kila ninaposafiri, hunifungia na kitambaa yasipate joto. Nikaifungua. Kifuniko kikaniponyoka, kikaanguka matopeni. Nikaonja mimi kwanza, mbele yake, nikameza ili aone koo langu likisogea, kisha nikampa na kumwambia maneno tunayomwambia kila mgeni wetu: nenda salama, uwasalimie wa kwenu.

Aliipokea kwa mikono miwili. Alikunywa bila kupumzika, niliyaona maji yakishuka ndani ya chupa mpaka tone la mwisho. Akanirudishia kwa mikono miwili vilevile, akainama, chini kabisa, zaidi ya mtu yeyote aliyewahi kuniinamia. Nilijikuta na mimi nainama. Nilipoinuka barabara ilikuwa tupu, na baiskeli ilikuwa nyepesi kiasi kwamba ilinitangulia.

Nyumbani nilimweleza Adelina kila neno usiku uleule. Alinusa mdomo wangu kwanza, ndipo akasikiliza. Kisha akauliza kifuniko cha chupa kiko wapi.

Kesho yake nilipanda basi kwenda Runazi. Mwalimu alifungua ngozi mezani, akavaa miwani, akapitisha mafuta juu ya chuma. Nilisubiri kuona uso wake. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Umeniletea ya tatu," alisema. "Ua limefutwa."

Niliinama nikatazama. Pale tulipohesabu petali kumi na sita, mimi na Bibi, kidole changu na kidole chake, kulikuwa na michirizi ya tupa tu. Wala haikuwa mipya. Kutu ilikuwa imeingia ndani yake kama imekaa hapo kabla mimi na wewe hatujazaliwa. Mwalimu alisema bunduki hiyo ilisalimishwa, mwenyewe aliiweka chini akaruhusiwa kwenda kwao. Nilimsimulia. Hakunicheka. Aliandika yote kwenye daftari lake, akaniuliza mara mbili kuhusu vile vitambaa vya miguuni.

Wiki kadhaa baadaye nilimfuata Bibi Stefania kwa binti yake kumwomba radhi kwa kusukuma kile kibuyu. Habari za ua hazikumshangaza hata kidogo. Alitaka kujua jambo moja tu, mgeni alikunywa nini.

Nikamwambia maji.

"Maji," alisema. Akatazama mikono yake, ile iliyokamua ndizi miaka yote ile. "Na sisi hatukumuuliza."

Hakusema ndivyo tulivyo. Sikumsikia akiusema msemo huo tena mpaka alipofariki.

Mimi bado nanunua skrepa. Lakini siwezi tena kunywa maji bila kutazama kwanza kando yangu, na mlima ule siupandi bila chupa mbili, watu wa njiani wananicheka wapendavyo. Nawe unayenunua vitu vya kale, au umerithi kimoja kimefungwa darini, nisikilize. Kabla hujakitoa mlangoni, uliza kinakaa na nani. Ukiambiwa kuna mtu, usione haya, muage. Na usimpe kile ambacho wengine wamezoea kumpa. Muulize mwenyewe anataka nini, kisha uonje wewe kwanza.