Jino Lililoangukia Kwenye Chai ya Wakwe

Siku wakwe walipoleta mbuzi, jino langu la mbele lilidondoka ndani ya kikombe cha chai.

Mdomoni kikabaki chuma.

Ilikuwa 1986, kwetu karibu na Makindu. Watu wa Matinyani walikuwa wamekuja kumposa binti yangu Nzilani. Mimi ndiye mama. Mimi ndiye wa kuongea.

Nikavuta leso mdomoni.

Mama wa kijana, Kalondu, aliona. Akachukua kikombe changu, akasema chai imepoa, akaenda kuimwaga. Aliporudi alinishika mkono, na jino likawa kwenye kiganja changu. Wema huo sijausahau.

Jino lenyewe nilikuwa nimelivaa majuma mawili tu. Langu lilitolewa na teke la punda wa kubebea maji, nikakaa mwaka mzima nikicheka na leso mdomoni. Ndipo rafiki yangu Mbula akanipeleka kwa Kahiga, fundi wa meno aliyetoka Nyeri na kufungua chumba pale mjini. Mbula alikuwa akimfanyia usafi.

Kahiga alinieleza kazi yake taratibu. Ndani ni chuma, mbele ni plastiki nyeupe. Plastiki haishiki chuma laini, kwa hivyo anakisugua kwa mchanga mpaka kikwaruze, anakiosha, anakiacha kikauke kabla ya kubandika.

"Na kutoka hapo, mama, hakuna mtu kukigusa. Hata mimi."

Kesho yake baada ya wakwe kuondoka, nilirudi kwake nikiwaka. Nilimwita mwizi mbele ya wagonjwa. Alipitisha kidole nyuma ya lile jino, akakinusa. Akamwangalia Mbula, aliyekuwa ameshika fagio. Kisha akaniambia pole, atanitengenezea lingine bure.

Nilikataa. Nikamtangaza kanisani, sokoni, kisimani: yule mgeni anabandika meno kwa mate. Kwa sababu hakuwa mtu wa kwetu, watu waliamini haraka. Na kila niliposema, Mbula alikuwa kando yangu akiitikia, "Amina."

Kabla ya Krismasi wateja waliisha. Kahiga akafunga chumba, akahama.

Miaka tisa ikapita. Siku moja baiskeli ya mzee wangu ikapata pancha. Fundi Muli akakwaruza tyubu kwa msasa, nami nikaishika palepale, eti namsaidia.

"Aai, susu, nyanya yangu," akasema. "Sasa nianze upya. Mafuta ya kidole tu yakiingia hapo, gundi ya solusheni haishiki."

Mafuta.

Mbula hakukosa kachupa ka mafuta ya maombi, yale ya kunukia karafuu. Alipaka kila kitu. Jembe langu, mlango wangu, vitanda vya wagonjwa. Nilimpenda kwa hilo.

Nilienda kwake kwa miguu. Nilimkuta akipepeta ndengu. Nikamuuliza kama alilipaka jino langu.

"Nilipaka kile chuma, Kahiga akiwa ameenda kula," akasema. "Nilikuwa nakuombea kisimame imara. Mwiitu wa mwaitu, dada yangu, sikujua."

"Na ulijua lini?"

Akaweka uteo chini.

"Siku ile ulipomtukana. Alinusa karafuu. Ulipotoka akaniambia ninyamaze, utanichukia bure, na mimi nina watoto sita hapa. Eti yeye ni mgeni, anaweza kuhama."

Mafuta nilimsamehe kabla hajamaliza kusema. Yale yalikuwa mapenzi.

Zile amina ndizo zilizonitoa machozi. Aliketi na mimi benchi moja miaka tisa, akisikia nikimzika mtu angali hai, na akaitikia.

Jumapili nilisimama kanisani, pengo na chuma chake wazi, bila leso. Nikalisafisha jina la Kahiga palepale nilipolichafua. Mwenyewe hakuwepo kusikia. Mpaka leo sijui aliko.

Wanangu, kabla ya kumwita mtu mwizi, uliza ni nani mwingine alishika kitu chako.

Na anayeitikia amina kwa kila neno lako, mtazame mikono.